Tutoe spika mpya, au turekebishe tuliyonayo?

Swali: Naongoza timu ya watu tisa katika kampuni ndogo inayotengeneza spika za kubebeka zisizo na waya. Katika kila spika 100 tunazouza, 6 hurudishwa kabla waranti haijaisha, na nyingi zimeingia maji ingawa tunazitangaza kuwa hazipenyi maji. Mimi nataka mwaka huu wote tuutumie kuondoa kasoro. Mkurugenzi anataka toleo jipya lenye taa za rangi na msaidizi wa sauti. Anasema kampuni isiyobuni hufa, na kila mara anatoa mfano wa Kodak, kampuni ya filamu za kamera iliyofilisika. Kila kikao kinaishia kwenye ubishi huu huu. Nani kati yetu yuko sahihi, na kampuni kubwa zilizofanikiwa zimelitatuaje jambo hili?

Jibu: Nimekaa upande wako wa meza kwa miaka mingi, nikiwa mhandisi wa ubora wa vifaa vya nyumbani na vya mkononi, na bado nitakwambia mkurugenzi wako hajakosea. Wewe pia hujakosea. Kinachowakwamisha ni kwamba nyote wawili mmekubali, bila kulitamka, kuwa ubunifu ni kazi moja na ubora ni kazi nyingine, na kwamba fedha zikienda huku zinapungua kule. Nikizitazama kampuni zilizodumu katika biashara hii siuoni mgawanyo huo. Ninachokiona ni jambo ambalo halimo kabisa katika swali lako: muda unaopita tangu kosa linapojitokeza hadi linapomfikia mtu mwenye uwezo wa kubadili mchoro. Muda huo ukiwa mfupi, vitu vipya huzaliwa na vya zamani huimarika, kwa mikono ileile. Ukiwa mrefu, vyote viwili huharibika pamoja.

Nieleze kisa kimoja, maana ndicho kilichonifundisha.

Katika kampuni niliyowahi kuifanyia kazi tulikuwa tunatengeneza kishikwambi cha kusomea. Tundu lake la kuchajia lilikuwa la aina ya USB-C, ambalo kwa kiwango chake linatakiwa listahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Tulikuwa na mashine ya kulijaribu: mkono wa chuma unachomeka, unachomoa, unachomeka, unachomoa, usiku na mchana. Tundu likapita bila tatizo. Tukatia saini, kiwanda kikaanza kazi. Baada ya miezi michache vishikwambi vikaanza kurudi, na katika ripoti yetu ya kila mwezi vyote viliingizwa kwa namba moja ya kosa, namba 14, yaani “haichaji”. Mafundi walibadilisha bodi ya saketi, wakakirudisha kifaa kwa mteja, na baada ya muda kikarudi tena. Sisi wa ghorofani tukaamua kuwa betri ndiyo mbovu, tukaanza kugombana na aliyetuuzia betri.

Siku moja nilishuka kwenye chumba cha kupokelea bidhaa zilizorudi, kwa shughuli nyingine kabisa. Dada aliyekuwa akizipokea alikuwa amevipanga vishikwambi kwenye trei, vyote tundu likitazama juu. Nikamuuliza kwa nini. Akachukua kimoja, akachomeka waya, taa ya chaji ikawaka. Akausukuma waya kidogo kwa ncha ya kidole cha mwisho, kuelekea kushoto. Taa ikazima. Akaachia, ikawaka. “Vyote viko hivi,” akasema, “na vyote ni kushoto.” Alikuwa ameliandika hilo kwenye safu ya maelezo, kifaa baada ya kifaa, kwa miezi minne. Safu hiyo haikuwa ikiingia kwenye ripoti, kwa sababu mfumo wetu ulibeba namba za makosa tu.

Tulipokiweka kimoja chini ya kioo cha kukuzia tuliona ufa mwembamba kama unywele kwenye lehemu ya mguu mmoja wa tundu. Chanzo kilikuwa namna watu wanavyoishi na kifaa: walikuwa wanasoma wamelala, kishikwambi kimesimamishwa kifuani huku kikichaji, waya umekandamizwa upande mmoja. Mashine yetu ilichomeka kwa unyoofu ambao hakuna binadamu anao akiwa na usingizi. Rekebisho lenyewe lilikuwa dogo: miguu ya ganda la tundu ipenye bodi badala ya kulehemiwa juu yake tu, na ndani ya kasha uongezwe ukuta mdogo wa plastiki wa kulishikilia. Lakini sikiliza kilichofuata. Kijana mmoja kwenye timu aliuliza: kama watu wanasoma wamelala, kwa nini tundu liko chini? Toleo lililofuata likahamishia tundu ubavuni, uzito ukasogezwa kuelekea mkono unaoshika, na wauzaji wakalitangaza kama ubunifu mkubwa wa mwaka. Ulikuwa ubunifu kweli, na ulitoka kwenye trei ya vitu vilivyoharibika. Kama tungemsikiliza yule dada mwezi wa kwanza, tungeupata miezi mitatu mapema.

Kwa hiyo ubunifu na ubora si lila na fila. Kifaa kilichorudi kinakueleza jinsi mteja anavyoishi nacho, tena kwa uwazi kuliko dodoso lolote utakalomtumia.

Nije kwenye kampuni kubwa ulizoniuliza. Mkurugenzi wako anaitaja Kodak, nami nitaifikia, ila kwa jambo lenu Nokia inafaa zaidi. iPhone ilipotoka mwaka 2007, hakuna kampuni duniani iliyokuwa ikiuza simu nyingi kama Nokia. Haikukosa wahandisi wala fedha za utafiti. Simu ya skrini ya kugusa ilikuwa imeshaitoa yenyewe miaka kadhaa kabla, ile 7710. Hata hivyo, mwaka 2013 ilitangaza kuwauzia Microsoft biashara yake ya simu. Watafiti Timo Vuori na Quy Huy waliwahoji watu 76, wakiwemo mameneja na wahandisi, kuhusu kilichotokea, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016, na neno kubwa ndani yake ni hofu. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa wao, kwa hiyo hawakusema waziwazi kwamba Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu zao, haukuwa na uwezo wa kufanya yaliyokuwa yakiahidiwa. Wakubwa nao waliwaogopa washindani, wakazidi kubana na kudai mambo ya haraka. Habari mbaya zikawa zinasafishwa kila zinapopanda ngazi. Waswahili wana msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sijaona kampuni ya vifaa ambayo msemo huu haujaipata kwa namna fulani.

Mfano wa pili ni Samsung, na huu una sehemu mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifaa vyake vingi vilijulikana kwa bei nafuu kuliko kwa ubora. Mwenyekiti wake, Lee Kun-hee, alikuwa amegawa simu za kampuni kama zawadi, kisha akapata habari kwamba hazifanyi kazi. Mwaka 1995 takriban simu na vifaa 150,000 vilirundikwa katika uwanja wa kiwanda cha Gumi, Korea Kusini, vikavunjwa kwa nyundo na kuchomwa moto mbele ya wafanyakazi wapatao 2,000. Wengi wanakisimulia kisa hiki kwa sababu ya moto. Mimi najali zaidi njia iliyotumiwa na habari: haikupanda kupitia ripoti za idara. Ilimfikia mwenyekiti kutoka mikononi mwa watu aliowapa zawadi. Umbali kati ya kosa na mwenye uamuzi ulifupishwa kwa bahati, na palipokuwa pafupi, kampuni ikageuka.

Sehemu ya pili ni mwaka 2016, kampuni ileile. Galaxy Note 7 ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti, na baadhi ya simu zikaanza kuwaka moto. Tarehe 2 Septemba Samsung ikatangaza kuzirudisha takriban milioni 2.5. Ilionekana betri za mgavi mmoja ndizo zenye kasoro, kwa hiyo wateja wakapewa simu zenye betri za mgavi mwingine. Baadhi ya hizo nazo zikawaka. Tarehe 11 Oktoba simu ikafutwa kabisa. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017, baada ya kujaribu simu zaidi ya 200,000 na betri zaidi ya 30,000, ulionyesha makosa mawili tofauti. Katika betri za kwanza, pembe ya juu ya kifuko ilikuwa imebana mno, ikaikunja sehemu ya ndani. Katika za pili, ncha kali zilizoachwa wakati wa kuunganisha vipande vya chuma zilipenya kizio, yaani utando unaotenganisha sehemu za ndani ya betri.

Kila nikisoma maelezo hayo nakumbuka kishikwambi chetu na ugomvi wetu na muuza betri. Maelezo ya kwanza yanayopatikana kuhusu kosa hupendeza sana yakimtwika mzigo mtu wa nje. Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: je, tunaweza kulizalisha kosa hili tena kwa makusudi, mezani, mara tatu mfululizo? Kama hamuwezi kulileta kosa mnapolitaka, hamjakijua chanzo chake, na dawa yoyote mtakayoitoa ni ya kubahatisha. Kwa spika zenu, sentensi “imeingia maji” ni sawa na namba 14 yetu. Inataja kilichoonekana tu. Maji yameingilia wapi? Nitarudi hapo.

Kwa sasa nimgeukie mkurugenzi wako. Ana haki ya kutaka kipya, ila namna anavyokitafuta inanitia wasiwasi, kwa sababu ni kwa kuongeza. Taa, kisha msaidizi wa sauti, kisha sijui nini. Vitu vingi vilivyobadilisha vifaa vya watu vilikuja kwa kuondoa.

Itazame Walkman, kicheza kaseti cha kubebeka. Sony walikuwa na kinasa sauti kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya waandishi wa habari, kiitwacho Pressman. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi, alitaka kusikiliza muziki safarini bila kubeba mzigo mzito. Wahandisi wakachukua kifaa kile kidogo, wakaondoa uwezo wa kurekodi na spika yake, wakaweka sauti ya stirio na hedfoni nyepesi. Ndani ya kampuni wapo waliosema hakuna atakayenunua kifaa cha kaseti kisichorekodi. Kilipoanza kuuzwa Julai 1979 kwa yeni 33,000, mwezi wa kwanza ziliuzwa takriban 3,000 tu. Wafanyakazi wakatoka mitaani na kuwavisha wapita njia hedfoni wasikilize wenyewe. Mwisho wa Agosti zote 30,000 za mwanzo zilikuwa zimekwisha.

Kuna jambo dogo katika Walkman ya kwanza ambalo nalipenda sana. Ilikuwa na matundu mawili ya hedfoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa kilichopunguza muziki na kuwasha maikrofoni ili wasikilizaji wawili waweze kuongea. Akio Morita, mwasisi mwenza wa Sony, aliona si adabu mtu kusikiliza peke yake. Baadaye ilionekana watu wanakifurahia hasa kile alichokidhania ukosefu wa adabu, yaani kuwa peke yao na muziki wao, na kitufe kile kikaondolewa katika matoleo ya baadaye. Waasisi walikisia, wakakosea, wakaona haraka kwamba wamekosea, wakabadilisha. Huo ndio mwendo ninaoutaka kwenu.

Au Gunpei Yokoi wa Nintendo, aliyeanza kazi pale kama fundi wa kutunza mashine za kiwanda cha karata. Alishikilia kwamba teknolojia iliyokwisha kukomaa, ya bei ndogo na yenye tabia zinazojulikana, ndiyo ya kuchezea mawazo mapya. Game Boy, mashine ya michezo ya kubebeka ya Nintendo, ilipotoka mwaka 1989 haikuwa na rangi wala mwanga ndani ya skrini. Game Gear ya Sega, iliyofuata mwaka 1990, ilikuwa na vyote viwili, na ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne, na mtoto aliweza kucheza safari nzima na nyingine ya kurudi. Pamoja na toleo lake la rangi lililokuja baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi alichagua jambo moja la kulifanya kwa ukamilifu, yaani kifaa kidumu mikononi mwa mtoto, kisha akakataa kila kilichokuwa kinalipunguza.

Basi muulize mkurugenzi: spika yetu ina jambo gani moja tunalotaka lisipitwe na mtu? Kama ni kuchukuliwa popote, penye maji na mchanga, basi msaidizi wa sauti anakuja na maikrofoni, maikrofoni inahitaji matobo kwenye kasha, na kila tobo ni mlango mwingine wa maji. Sisemi haiwezekani. Nasema mnataka kufungua milango mipya katika nyumba ambayo hamjajua ile ya zamani inavuja wapi.

Kukataa huku kuna ugumu wake, na wengi hukosea hapa. Kuacha kitu nje si sawa na kukiweka kikiwa kibovu. iPhone ya kwanza haikuwa na uwezo wa kunakili na kubandika maandishi, jambo ambalo simu nyingine zilikuwa nalo, na watu walilalamika. Ulikuja mwaka 2009, ukiwa umefikiriwa vizuri, na malalamiko yakasahaulika. Kinyume chake ni kibodi nyembamba ambayo kampuni hiyohiyo ya Apple iliiweka kwenye kompyuta zake kuanzia mwaka 2015. Vumbi dogo likiingia, herufi inagoma au inajirudia. Iliendelea kubaki katika toleo baada ya toleo, mpango wa kuitengeneza bure ukatangazwa mwaka 2018, na kibodi ya mtindo wa zamani ikaanza kurejeshwa mwishoni mwa mwaka 2019. Huo ni muda mrefu sana kwa kosa ambalo wateja walikuwa wakilieleza kila siku. Apple hiyohiyo ilitangaza AirPower, mkeka wa kuchajia vifaa vitatu bila waya, mnamo Septemba 2017, na Machi 2019 ikaufuta kabla haujauzwa hata mmoja, ikieleza kwamba haufikii viwango vyake. Ilikuwa aibu ya siku chache. Microsoft, kwa upande wake, Julai 2007 ililazimika kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya mashine za mchezo za Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuonyesha duara jekundu. Ukiweka aibu ya kufuta kitu mkononi kabla hakijauzwa na gharama ya kukirudisha kutoka majumbani mwa watu kwenye mizani moja, hutahitaji kufikiri mara mbili.

Ndani ya kampuni yenu, ni nani mwenye ruhusa ya kusema “kisitoke”? Jina lake lijulikane kabla mradi haujaanza. Wazo hili lina asili ya zamani. Sakichi Toyoda alitengeneza mitambo ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa, na kutoka hapo viwanda vya magari vya Toyota vikaja na kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta kuita msaada na, ikibidi, kusimamisha laini. Nimeona viwanda vingi vilivyoiga kamba hiyo. Katika baadhi yao, mfanyakazi akiivuta msimamizi huja amekunja uso, na baada ya wiki mbili hakuna anayeigusa tena.

Kuhusu Kodak nitakuwa mfupi. Mhandisi wake Steve Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, na ilitazamwa kwenye televisheni. Kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Kwa hiyo mkurugenzi akisema Kodak ilikufa kwa kutobuni, mweleze kwa upole kwamba kitu kile walikibuni wao. Kilichowashinda ni kukipeleka mbele wakati sehemu kubwa ya faida yao ilitoka kwenye filamu. Mfano huo haumsaidii katika hoja ya taa za rangi, kwa sababu taa za rangi hazitishii chochote mnachokiuza leo. Kama anataka kuiogopa Kodak kwa haki, ajiulize ni kitu gani kinaweza kuwafanya watu wasihitaji spika kabisa, na atenge mtu mmoja kati yenu tisa akifuatilie hicho.

Sasa kazi yenyewe. Nimekwambia nitarudi kwenye maji.

Nadhani mmepima kwa kiwango cha IPX7, kwa kuwa ndicho kinachotumika sana kwa spika za namna hii: kifaa kinazamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho hufanyika kwa maji safi, kifaa kikiwa kipya, na kizibo cha mpira cha tundu la kuchajia kikiwa kimefungwa barabara. Mteja wenu hana hata kimoja kati ya hivyo. Maji yake yana sabuni, na sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji ili yapenye penye upenyo mdogo zaidi. Yana chumvi ikiwa ametoka baharini, na chumvi ikikauka huacha chembe chini ya mpira. Spika yake imeanguka mara kadhaa, pembe zimeachana kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Halafu kuna joto: spika iliyokaa juani hewa yake ya ndani hutanuka, na ikitumbukizwa kwenye maji baridi hewa hiyo husinyaa ghafla, ikayavuta maji ndani kama bomba la sindano. Jaribuni hilo la mwisho kwanza. Wekeni spika penye joto kwa saa moja, kisha itumbukizeni. Nimeona bidhaa zilizopita kila kipimo cha maabara zikishindwa hapo katika dakika ya kwanza.

Mnapojaribu marekebisho, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. James Dyson alitengeneza mifano 5,127 ya kifyonza vumbi chake kwa takriban miaka mitano. Idadi hiyo hustaajabisha watu, lakini nidhamu iliyomo ndani yake inanistaajabisha zaidi, maana kila mfano ulitofautiana na uliotangulia kwa jambo moja, hivyo matokeo yakibadilika alijua kwa nini. Mkibadilisha mpira, gundi na skrubu kwa pamoja na spika ikaacha kuvuja, mtakuwa na spika isiyovuja na ujinga uleule.

Na msijaribu spika chache mkaridhika. Chukulia kosa lenu la spika 6 katika 100 halijapungua hata kidogo. Mkichukua spika 10 za marekebisho mapya na kuzijaribu, kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba zote zitapita. Mkichukua 30, bado zote zitapita karibu mara moja katika kila majaribio sita. Kanuni tunayoitumia ni kugawanya 3 kwa idadi uliyoijaribu: spika 30 zikipita zote, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kosa halizidi 10 katika 100. Zikipita 300, halizidi 1 katika 100. Najua 300 ni nyingi kwa kampuni ndogo. Ndiyo sababu nasisitiza jaribio kali lililokaribia maisha ya mteja, kwa kuwa jaribio kali hufichua kosa kwa vifaa vichache zaidi. Na yafanyeni haya mapema. Kwenye mchoro, kusogeza kingo ya mpira ni kazi ya mchana mmoja. Kalibu ya chuma ya kutengenezea kasha ikishachongwa, badiliko lilelile linachukua wiki na linagharimu fedha ambazo mngeziweka kwenye toleo jipya.

Mgawanyo wa watu wako tisa? Usiwagawe kuwa kundi la kasoro na kundi la ubunifu. Nimeona ukifanyika mara mbili, na mara zote mbili kundi la kasoro liligeuka kuwa mahali pa kuwapeleka wasiopendwa. Kila anayechora toleo jipya afungue kwa mkono wake walau spika mbili zilizorudi kila wiki, na safu ya maelezo ya anayezipokea isomwe kwa sauti mwanzo wa kikao, neno kwa neno kama alivyoliandika.

Kwenye kikao kijacho na mkurugenzi usiende na chati. Nenda na spika 20 zilizorudi, bisibisi, kioo cha kukuzia, na yule anayezipokea. Zifungueni pamoja mezani, na mkurugenzi naye ashike bisibisi. Kila mahali mtakapoona alama ya maji, tieni nukta kwenye mchoro mmoja wa kasha. Nukta zikirundikana kwenye tundu la kuchajia, mna jibu la swali lako na la kwake pia: toleo jipya lenye kuchaji bila waya, kasha bila tundu lolote na bila kizibo cha kusahaulika. Zikirundikana kwenye ungio la kasha, itakuwa kazi nyingine. Niandikie mliziona wapi.